Dawa Iliyokuwa Kitabuni: Maradhi ya Wasiwasi Kutoka Balkh Hadi Ujiji

Wanafunzi wa vyuo vya Kurani vya Ujiji, mkoani Kigoma, kama wenzao wa Tabora, Pangani na Lamu, hufundishwa mapema kwamba maji yaliyofikia kulateni, yaani lita 200 na ushei, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na pale lilipo na kina kirefu zaidi linafika mita 1,470. Kwa hukumu hiyo, mtu aliyejitosa majini pale Kibirizi au Katonga kwa nia ya josho ametoka na tohara yake kamili, na hakuna mwanachuoni wa Kishafi atakayembishia. Hata hivyo wapo wanaotoka majini wamelowa tangu utosini hadi wayo, wakasimama mchangani wakijiuliza kama maji yalifika nyuma ya sikio, wakarudi kujitosa. Wakitoka wanajiuliza kama nia ilikuwapo walipozama. Wanarudi tena. Mtu wa namna hii hajapungukiwa elimu. Mara nyingi anaijua hukumu ya maji kuliko anayemcheka kutoka kwenye mtumbwi.

Hayo ndiyo maradhi ya wasiwasi. Sisemi ule wasiwasi wa mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kurudi, wala wa mvuvi aliyeona wingu zito likijikusanya upande wa Kongo. Nasema wazo linaloingia bila kuitwa: una najisi, nia yako haikutimia, umemtukana Mungu moyoni, utamchoma mtoto kwa kisu ulichoshika, mlango hukuufunga. Mwenyewe analichukia wazo hilo, na akitulia anajua halina maana, lakini hofu inayokuja nalo ni ya kweli: moyo unakwenda mbio, koo linakauka. Ili hofu ipoe anafanya tendo. Anaosha, anarudia, anahakiki, anauliza, anasoma dua kwa idadi aliyojiwekea. Hofu inapoa, lakini kwa dakika chache tu, na akili imeshajifunza kwamba kilichomwokoa ni lile tendo. Wazo likirudi, linadai tendo kubwa zaidi. Ndivyo udhu wa dakika tatu unavyofika saa nzima, na kijana aliyekuwa wa kwanza kuingia msikitini anavyoanza kuswalia nyumbani, kisha kuchelewesha, kisha kuacha kabisa, kwa kuwa kila swala imekuwa mateso. Majirani wanasema kapoteza dini. Ukweli ni kwamba hakuna mtaani anayeihofia dini yake kama yeye.

Katika nchi zilizofanya hesabu, mtu 1 hadi 3 katika kila 100 hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao, na wengi huanza utotoni au ujanani. Sioni sababu ya kudhani kwamba mwambao wa Ziwa Tanganyika umesamehewa. Jambo linaloniuma ni hili: nusu ya dawa imo Ujiji tangu zamani, imo katika vitabu ambavyo masheikh wenyewe huvitaja kwa heshima, na nusu nyingine iko hospitali. Mgonjwa amekaa katikati, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu hizo mbili ni za dawa moja.

Tuanzie mbali. Abu Zayd al-Balkhi alizaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan, mwaka 850, akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu cha afya kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani manufaa ya miili na nafsi, na aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake. Magonjwa ya nafsi aliyagawa makundi manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Hapo kwenye kundi la nne pana jambo la ajabu. Al-Balkhi hakuufanya wasiwasi kuwa tawi la hofu wala la huzuni. Aliupa mlango wake. Kitabu cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambacho nusu ya dunia hukitumia kutaja magonjwa, kiliyahesabu maradhi haya miongoni mwa maradhi ya hofu mpaka mwaka 2013, ndipo yakapewa sura yake. Mswada wa al-Balkhi ulihifadhiwa Istanbul. Mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, alitafsiri kwa Kiingereza sehemu yake ya nafsi, ikatoka mwaka huohuo wa 2013. Miaka miwili baadaye Rania Awaad na Sara Ali, watafiti wa Marekani, waliyalinganisha maelezo yake na vipimo vya leo wakakuta yanafanana kwa kiasi cha kushangaza.

Al-Balkhi alimshauri mgonjwa asikae peke yake, asikae bure, na alikabili wazo baya kwa wazo jema. Shauri la kwanza na la pili bado ni zuri. La tatu lahitaji tahadhari, maana mwenye wasiwasi ni fundi wa kubishana, na ubishi na wazo hugeuka haraka kuwa ibada nyingine ya siri, inayofanywa kichwani badala ya birikani.

Mafakihi walifika mahali pengine kwa njia nyingine. Wao hawakuwa wakitibu wagonjwa; walikuwa wakiletewa maswali. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, katika kitabu chake Talbis Iblis amehadithia habari za Ibn Aqil, mwanachuoni wa mji huohuo aliyefariki mwaka 1119. Mtu alimwendea Ibn Aqil akamweleza kwamba hujizamisha majini mara nyingi, kisha bado hana hakika kama josho lake limesihi. Ibn Aqil akamjibu kwamba basi swala imemwondokea, kwa sababu kalamu haimwandikii mwendawazimu, na mtu anayezama majini akatilia shaka kama maji yamemgusa hana tofauti naye. Jibu ni kali, na leo nisingetaka kijana yeyote wa Mwanga au Gungu aambiwe hivyo. Lakini ndani ya ukali huo mna utambuzi ambao familia nyingi bado hazijaufikia, nao ni kwamba mtu huyu anaumwa. Tatizo lake halipo kwenye maji.

Jibu ninalolipenda zaidi ni la Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Makka wa karne ya 16. Aliulizwa kama wasiwasi una dawa. Alisema inayo, tena yenye kunufaisha: kuupuuza kabisa, hata kama shaka bado ipo nafsini. Akaeleza kwamba asiyeujali, hauoti mizizi kwake, huondoka baada ya muda si mrefu. Na anayeusikiliza na kutenda unavyotaka, humzidia mpaka ukamfikisha kwenye hali ya wendawazimu au mbaya zaidi. Msomaji aliyewahi kukaa na tabibu wa afya ya akili ajaribu kuyalinganisha maneno hayo na alichoambiwa. Angalia hasa lile sharti: hata kama shaka bado ipo. Ibn Hajar hakumwambia mgonjwa asubiri mpaka shaka iishe ndipo aache kurudia. Alimwambia aache kurudia, na shaka itajiondokea yenyewe.

Hukumu hiyo haikuzuka hewani. Ipo kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha kwa yakini ana udhu mpaka apate yakini kwamba umetenguka. Mtume aliulizwa juu ya mtu anayehisi ametokwa na kitu ndani ya swala, akaagiza asiiache swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Na kuhusu yale mawazo ya kutisha, ya makufuru, masahaba walimlalamikia kwamba hujiwa na mambo moyoni wasiyothubutu kuyatamka. Aliwajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Uchungu wanaousikia ni dalili ya imani yao.

Vitabu hivi havikubaki Makka na Baghdad. Maandishi ya Ibn Hajar yalikuwa nguzo kwa wanavyuoni wa Hadhramaut, na kwa mikono ya Wahadhrami na wanafunzi wao yakapata heshima Lamu, Mombasa na Unguja. Kutoka mwambao elimu ilifuata njia ya misafara. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wameshatangulia. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikuwa mkubwa wa mji mpaka alipofariki mwaka 1885, kisha akaja Rumaliza, ambaye jina lake ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Misafara hiyo ilibeba pembe na ilibeba binadamu waliofungwa minyororo, na jambo hilo halifutiki kwa kutaja mema. Ilibeba pia walimu, na baadaye zikaja zikri za tarika ya Kadiria ambazo Ujiji inazifahamu mpaka leo. Waha, Wamanyema, Wabembe na Waswahili wa pwani wakakaa kwenye jamvi moja wakisoma Safina, kitabu kidogo cha Salim bin Sumayr, Mhadhrami wa karne ya 19, wakihesabu nguzo za udhu kwa vidole.

Mafunzo hayo ni mazuri, na kwa watu karibu wote hayana tatizo. Lakini ugonjwa huu hushika kile ambacho mtu anakithamini kuliko vyote, na fiqhi ya Kishafi ina mahali ambapo wasiwasi hupenda kuotea. Nia ya swala inatakiwa iambatane na takbira ya kuhirimia. Mtazame basi mtu huyu katika safu ya alfajiri. Imamu amekwisha kuhirimia. Yeye ananyanyua mikono mpaka kwenye masikio, midomo inaanza, anaikata takbira katikati, anaishusha mikono. Anafumba macho, uso unakunjamana kama anayenyanyua gunia. Ananyanyua tena. Safari hii takbira imekamilika, lakini anaona nia imetangulia kidogo, kwa hiyo anaitengua. Imamu yuko kwenye rukuu. Jirani yake wa kushoto anamsikia akirudia herufi ya kwanza, mara ya nne, mara ya tano. Anafanikiwa kuingia wakati watu wameinuka, sasa anakwama kwenye Alhamdu, kwenye shada za neno la mwisho, akilitamka mpaka linapoteza sura. Ghazali na Nawawi, wakubwa wa madhehebu, waliliona tatizo hili wakachagua wepesi: inatosha nia iwepo kwa kawaida ya watu, bila kuipima kwa mizani ya dhahabu. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini wepesi huu haufundishwi siku ileile linapofundishwa sharti lenyewe.

Upande wa pili wa mji hadithi inafanana. Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwezi Januari 1879. Pamoja na misale, mapadri hao walileta kitubio, na pamoja na kitubio aina nyingine ya maradhi haya: anayeungama, akatoka, akakumbuka hakueleza vizuri, akarudi kwenye foleni. Kanisa lilimjua mtu huyo zamani. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliteseka hivyo pale Manresa, Uhispania, mwaka 1522. Aliungama dhambi zilezile tena na tena, akafikia kutaka kujiua. Alipona alipokata shauri kutoziungama tena zile za zamani. Alfonso wa Liguori, aliyefariki mwaka 1787 na ambaye mafundisho yake yalikuwa msingi wa kuungamisha katika seminari nyingi za karne ya 19, aliugua wasiwasi huu mwenyewe. Shauri lake kwa wagonjwa lilikuwa kumtii muungamishi mmoja na kutenda kinyume cha wasiwasi. Ibn Hajar angemwelewa.

Mwambao huu wa ziwa ulikuwa na mtu anayenifanya niamini kwamba dini na tiba zinaweza kukaa nyumba moja. Adrien Atiman alizaliwa upande wa mto Niger, akatekwa utumwani mtoto mdogo, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880, akakaa Karema, kusini mwa hapa, akiwa katekista na daktari kwa pamoja mpaka alipofariki mwaka 1956. Mgonjwa aliyefika kwake hakulazimika kuchagua mlango.

Huko Ulaya, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari walikuwa wakiyagundua upya maradhi ambayo al-Balkhi aliyaandika. Esquirol wa Paris alieleza mwaka 1838 habari za mwanamke aliyeogopa kwamba mikono yake inabaki na kitu cha thamani cha watu wengine, akawa anaikung'uta na kuiosha bila kikomo. Westphal wa Berlin mwaka 1877 alisisitiza kwamba akili ya mgonjwa ni nzima na analijua wazo lake kuwa geni. Pierre Janet alitoa kitabu kikubwa mwaka 1903, na Freud akafuata mwaka 1909 na kisa chake maarufu. Walieleza kwa ufundi. Kuponya hawakuponya.

Kwetu, tiba ya hospitali ilianza kwa kuta. Wajerumani walikuwa na Lutindi, milimani Usambara, makao ya kimisheni yaliyogeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo mgonjwa wa huku aliweza kupakiwa kwenye behewa na kusafirishwa karibu kilomita 800. Lakini nani alipakiwa? Aliyevunja vitu, aliyetembea uchi, aliyetisha soko. Mwenye wasiwasi hatishi mtu. Anajificha bafuni, anasingizia tumbo, anaamka usiku wa manane ili aoshe bila kuonekana. Jina lake halikuingia kwenye daftari la hospitali yoyote.

Kwenye ukimya huo ndipo J. C. Carothers, daktari aliyekuwa akiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, alipojenga nadharia zake. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba maradhi ya namna hii ni nadra kwa Mwafrika, na akaieleza akili ya Mwafrika kwa maneno ya dharau ambayo wataalamu waliomfuata wameyakataa. Ukimhesabu aliyeletwa na polisi tu, utakuta magonjwa ya wanaoletwa na polisi. Laiti angekaa baraza moja la msikiti wa Ujiji, au nyuma ya kanisa siku ya kitubio, asingeandika alivyoandika. Katika miaka ya 1990 Ahmed Okasha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, Cairo, walionyesha jinsi mawazo ya dini na ya uchafu yalivyotawala kwa wagonjwa wao wa Misri, Waislamu na Wakristo. Maradhi ni yaleyale. Kila mji huyavika nguo zake.

Mageuzi ya tiba yalitokea mwaka 1966. Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alikuwa na wagonjwa wawili ambao kila njia ilikuwa imeshindwa kwao. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike aliyetawaliwa na hofu ya uchafu. Mwingine, mwanamke aliyesumbuliwa na mawazo ya kukufuru. Wa kwanza alilazwa wodini, wauguzi wakafunga mabomba ya maji chumbani kwake. Aligusishwa vitu alivyoviogopa, na sabuni hakupewa. Wa pili alitakiwa kufanya yale yaliyoamsha mawazo yake bila kufanya vitendo vya kuyafuta. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Njia hiyo imeboreshwa sana tangu hapo, haina tena mabavu ya kufunga mabomba, na imekuwa tiba ya mazungumzo inayoongoza duniani kwa maradhi haya: kukikaribia unachokiogopa, hatua kwa hatua, ukijizuia kutenda. Kwenye miaka hiyohiyo madaktari wa Uhispania waliripoti kwamba klomipramini, dawa ya sonona, hupunguza wasiwasi wa aina hii. Baadaye zikafuata fluoksetini na ndugu zake. Na mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wazima wa afya kama nao hujiwa na mawazo ya ajabu, ya uchafu, ya kudhuru, ya kukufuru. Wengi sana walikubali. Tofauti ya mgonjwa haikuwa wazo, ilikuwa uzito aliolipa. Malalamiko ya masahaba yalikuwa yamekwisha kulisema hilo.

Kigoma ina ugumu wake wa pekee. Huu ni mji uliofundishwa kunawa kwa sababu ya misiba. Kipindupindu kimepita njia hizi tangu enzi za misafara, na mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, waliugua watu wapatao 3,000 na wakafa 31. Meli ya Liemba ilikuwa ikiwachukua kuwaleta Kigoma. Baadaye ikaja korona na ndoo zake za maji tiririka kila mlango. Mtu akisema nchi hii itunze kunawa mikono, nitamuunga mkono bila kusita. Lakini mama anaposikia redioni "nawa mikono", kisha anamwona binti yake akinawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka na kutoa damu, atajuaje mpaka uko wapi? Mpaka hauko kwenye usafi. Anayenawa kwa ajili ya kipindupindu anaanza kwa sababu, kutoka chooni au kabla ya kula, na anamaliza mikono inapotakata. Anayenawa kwa wasiwasi anamaliza pale hofu inapomruhusu, na hofu haina mwisho unaojulikana.

Basi tiba inakuwaje kwa mtu wa Ujiji? Imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, isiyofika lita, na kuoga kwa pishi mpaka mudi tano. Hiyo ni chupa ndogo ya maji, mbele ya mtu ambaye amezoea kumaliza ndoo ya lita 20. Tabibu anayejua kazi hatamrusha kwenye chupa siku ya kwanza. Watakaa waandike ngazi, kuanzia kinachotisha kidogo hadi kinachotisha kabisa: kushika kitasa na kusubiri dakika kumi bila kunawa, kutawadha kwa nusu ndoo, kwa makopo mawili, kwa kopo moja, kila kiungo idadi ya sunna, kisha kuondoka bombani hata kama moyo unapiga kelele. Hofu hupanda. Asipotenda kitu, hufika kileleni, halafu huanza kushuka yenyewe, na hilo ndilo ambalo mgonjwa hajawahi kuliona maishani, kwa sababu kila mara aliikimbia kabla haijashuka. Siku ya pili inashuka mapema zaidi. Si kazi nyepesi, na mtu akiteleza wiki moja hajarudi mwanzo.

Kwa waliobanwa sana dawa huongezwa, au hutangulia ili mgonjwa apate nguvu ya kupanda ngazi. Dozi yake huwa kubwa kuliko ya sonona, na matokeo huchukua wiki 10 hadi 12, kwa hiyo anayeacha baada ya wiki mbili kwa kusema haisaidii hajaijaribu. Haiachwi ghafla, wala hainywewi bila daktari. Rufaa za mkoa huu huenda Maweni, na nchi ina sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008, inayohusu matunzo na ulinzi wa mgonjwa wa akili. Wataalamu bado ni wachache, na umbali ni mrefu kwa aliyeko Kalya au Buhingu. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hii akisimamiwa, na mafunzo hayo yanastahili kupewa fedha.

Wengi wataanza kwingine, kwa mganga, kwa kombe, kwa kusomewa, kwa maombezi ya usiku kucha. Siwalaumu. Mtu akiteswa na mawazo ya kukufuru, kuambiwa ana jini kunampunguzia lawama. Kisomo kinachomtuliza mja na kumkumbusha rehema hakina ubaya. Ubaya unakuja kisomo kinapoongezwa kila wasiwasi unapopanda, mara saba, mara arubaini, kwa sababu hapo kimekuwa tendo jingine la kufukuza hofu. Ubaya mkubwa zaidi ni minyororo, kufungishwa bila chakula, na kuambiwa kwamba imani yako ni dhaifu. Mwenye maradhi haya akianza kusema amechoka kuishi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani kuna kazi ambayo hakuna dawa inayoweza kuifanya. Mgonjwa huuliza: "Mama, umeniona nimeosha mguu wa kushoto?" Mama kwa huruma anajibu ndiyo, mwanangu. Baada ya dakika mbili anaulizwa tena. Kila ndiyo ni tone la maji kwenye shamba la ugonjwa. Afadhali familia ikae pamoja wakati mgonjwa ametulia, wakubaliane jibu moja, kwa mfano: "Mwanangu, hilo ni swali la wasiwasi, na tumekubaliana silijibu." Lisemwe kwa upole, bila kicheko wala karipio, na kaka zake wafuate vilevile. Sheikh naye, na padri naye. Aliyetoa fatwa mara ya kwanza ametimiza wajibu. Akiitoa mara ya pili na ya tatu kwa swali lilelile, kwa mtu yuleyule, amekuwa sehemu ya ugonjwa bila kutaka. Muungamishi wa Alfonso alilijua hili.

Nina ombi moja kwa walimu wa vyuo vya Ujiji na makatekista wa jimbo la Kigoma. Somo la tohara na somo la kitubio hufundishwa watoto wa miaka minane, tisa, kumi, na maradhi haya mara nyingi huanza umri huo au miaka michache baadaye. Siku ile mtoto anapohesabu nguzo za udhu, aambiwe pia afanye nini shaka ikimjia akiwa amekwisha kunyanyuka birikani: asirudi, aende akaswali. Na darasa za Ramadhani zinapopangwa, aalikwe jioni moja muuguzi wa afya ya akili akae jamvini pamoja na sheikh, kila mmoja aeleze nusu yake, watu waulize.